Mimba, Vumbi na Siku Arobaini



Mazungumzo ya leo ni ya nyumba yenye mama mjamzito. Nasema nyumba, maana ushauri wa mimba katika mji wetu wa Kolwezi umezoea kumlenga mama peke yake: ale hiki, asibebe kile, aende CPN, yaani kliniki ya wajawazito, bila kukosa. Baba huulizwa habari ya pesa tu, mama mkwe huulizwa habari ya mila, na kampuni ya madini haiulizwi chochote. Kwetu sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti, mpangilio huo una kasoro kubwa, na leo nataka kila mmoja wao apewe sehemu yake.

Nianze na jambo lililopimwa. Mwaka 2020 jarida la kitabibu The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliofanyika kwa jirani zetu wa Lubumbashi kati ya 2013 na 2015. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, waliwachunguza watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana kwa macho, wakawalinganisha na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Waliwahoji wazazi, wakapima madini mwilini mwa mama na mtoto. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko yote ni kazi ya baba. Mtoto ambaye baba yake alifanya kazi inayohusiana na madini alikuwa na hatari ya kuzaliwa na kasoro zaidi ya mara 5 ya yule ambaye baba yake hakufanya kazi hiyo.

Sitaki mtu atoke hapa na hofu isiyo na kipimo. Watoto waliochunguzwa hawakuwa wengi, kwa hiyo hatari halisi inaweza kuwa chini ya hapo au juu ya hapo. Tena kasoro za namna hiyo ni chache: wakati wa utafiti Lubumbashi ilipata watoto zaidi ya 130,000, na wale 138 ni kama mtoto 1 katika kila 1,000. Wachimbaji walio wengi wanazaa watoto wazima. Lakini utafiti huo unavunja maneno niliyoyasikia mara nyingi mno katika familia zetu, kwamba mtoto akizaliwa na kasoro basi mama ndiye aliyevunja mwiko, au amerogwa, au alitembea nje ya ndoa. Wako wanawake waliofukuzwa nyumbani kwa maneno hayo. Huo ni uonevu, nami nausema waziwazi: anayemfukuza mke wake kwa sababu ya mtoto wa namna hiyo angetazama kwanza vumbi lililo katika viatu vyake mwenyewe.

Vumbi hilo tunalijua. Mtaani Kasulo hapa mjini, tangu watu walipogundua madini chini ya nyumba zao mwaka 2014, mashimo yalichimbwa uani, jikoni, hata sebuleni. Profesa Banza na Profesa Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven walipopima mkojo wa watoto wa Kasulo, wakachapisha matokeo mwaka 2018, kobalti waliyoikuta ilikuwa mara 10 ya ile ya watoto wanaoishi mbali na machimbo. Watoto wale hawakuwa wameshuka shimoni. Walikuwa wanacheza, wanakula, wanalala kwao. Vumbi liliwafuata nyumbani. Na mwaka 2024 shirika la RAID la Uingereza pamoja na AFREWATCH la hapa kwetu walitoa ripoti juu ya vijiji na mitaa iliyo karibu na migodi mikubwa ya Kolwezi: asilimia 56 ya watu waliohojiwa walisema maji machafu yamedhuru afya ya uzazi ya wanawake na wasichana, wakataja hedhi iliyovurugika, maambukizo, na mimba kuharibika. Huo ni ushuhuda wa watu, haujafikia kuwa kipimo cha maabara. Hata hivyo, mashahidi wengi wakisema jambo moja, mwenye dhamana hana ruhusa ya kuziba masikio.

Basi nyumba ifanye nini? Baba, nakuanza wewe. Ukitoka shimoni, au kiwandani, au kwenye depo ya kununulia madini, nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Zivue mlangoni, oga, vaa nyingine, ndipo umkumbatie mke wako na mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake, katika beseni lake, zisichanganywe na khanga za mama wala nepi za mtoto. Na ukiweza, zifue mwenyewe, kwa sababu mama mjamzito anayekung'uta koti lililojaa vumbi la heterojeniti, lile jiwe la kobalti, huwa analivuta vumbi lile lote. Magunia ya mawe hayana nafasi chini ya kitanda. Najua mnayaweka hapo kwa kuogopa wezi. Tafuteni mahali pengine. Wala mawe yasipondwe uani penye sufuria na ndoo za maji.

Kufagia nako kuna namna yake. Nyunyiza maji kwanza, au pitisha kitambaa kibichi, vumbi litulie. Ufagio mkavu katika kiangazi cha mwezi wa saba hulirusha tena hewani na mtu huishia kulimeza. Funika chakula. Osha lengalenga na matembele kwa maji mengi, na usilime bustani juu ya mabaki ya kiwanda hata kama ardhi hiyo haina mwenyewe.

Sasa maji, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu wengi wanadanganyika. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo. Hakuondoi kobalti, hakuondoi urani, hakuondoi madini ya risasi. Maji ya mto unaopokea uchafu wa kiwanda, hata ukiyachemsha hadi saa ya jua kuzama, yatabaki na madini yaleyale, tena yatakuwa mazito zaidi kwa kuwa mvuke umeondoka. Mama mjamzito atafutiwe maji ya bomba au ya kisima kilicho mbali na machimbo, hata kama ni ndoo moja kwa siku ya kunywa na kupikia, na mengine yatumike kwa kazi nyingine. Ndoo hiyo moja si anasa.

Mwilini mwenyewe kuna kinga ambayo watu hawaijui. Mwili uliopungukiwa na chuma hukitafuta kwa bidii tumboni, hukazana kukivuta kutoka katika kila kinacholiwa, na katika kukazana huko hukusanya pia kobalti, manganizi na risasi, kwa sababu madini hayo hupitia njia ileile. Mama mwenye upungufu wa damu, akikaa penye vumbi letu, huvuta sumu nyingi kuliko jirani yake mwenye damu ya kutosha. Kwa hiyo zile tembe za chuma na asidi ya foliki mnazopewa CPN, ambazo nyingi huishia kabatini kwa sababu zinaleta kichefuchefu na kufanya choo kiwe cheusi, hapa Kolwezi zina kazi mbili. Choo cheusi si ugonjwa. Kichefuchefu hupungua ukimeza usiku baada ya kula. Meza na maji ya ndimu au chungwa, usimeze na chai, maana chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Na sahani isaidie: sombe, maharagwe, viwavi wakavu wanaouzwa sokoni, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ambayo ni kalisi, na kalisi nayo huizuia risasi. Bukari peke yake inashibisha, haijengi damu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye udongo mweupe, pemba. Najua mimba huleta hamu, na hamu haishindwi kwa kukemewa. Lakini udongo hushika chuma kilicho tumboni ukakizuia kisitumike, unaweza kuleta minyoo, na unaweza kubeba risasi. Mara nyingi hamu yenyewe ya kula udongo ni dalili kwamba damu imepungua. Mama anayeutamani sana asione aibu kumwambia mkunga, apimwe damu. Akitibiwa upungufu, mara nyingi hamu hupoa yenyewe.

Risasi ina jambo jingine tena. Mwaka 2018 daktari Paul Musa Obadia na wenzake wa Lubumbashi walichapisha utafiti juu ya akina mama wenye kifafa cha mimba kinachoanza, yaani presha inayopanda mimba ikiwa imekua, pamoja na protini katika mkojo. Walikuta risasi katika damu ya akina mama hao ikiwa nyingi kuliko katika damu ya wajawazito wenzao wasio na ugonjwa huo. Utafiti mmoja hauthibitishi kwamba risasi ndiyo chanzo, ila kwa mji wa madini unatosha kutufanya tupime presha kwa makini kuliko watu wa mahali pengine.

Na presha haina sauti mpaka imeshakuwa mbaya. Ndiyo maana naumia ninapoona familia imekusanya pesa za ekografi ili kujua kama ni mvulana au msichana, halafu mama anaruka CPN mbili kwa kukosa nauli. Ekografi ni nzuri, lakini haipimi presha. Kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kupulizwa, kazi ya dakika chache, kimeokoa akina mama wengi kuliko picha. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mama aonane na mhudumu mara 8 katika mimba, ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Wengi wetu hungoja tumbo lionekane, kwa kuogopa jicho la watu. Nenda kimya kimya, mkunga hatangazi. Mapema ndipo hupimwa damu, kaswende na virusi vya ukimwi. Mapema ndipo aliyewahi kupata presha katika mimba iliyopita huanzishiwa aspirini ya kiasi kidogo, kwa ushauri wa daktari. Kuanzia wiki ya 13 hutolewa dawa ya kukinga malaria, mara 3 au zaidi, kila moja ikipishana na nyingine kwa mwezi. Chandarua ni juu ya kitanda, si juu ya bustani ya nyanya. Chanjo ya pepopunda mnaijua.

Kichwa kinachouma sana bila kupoa, macho kuona ukungu au nyota, uso na mikono kuvimba, maumivu makali chini ya mbavu upande wa juu wa tumbo: hizo ni safari za hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, hata kama ni mwezi wa sita tu. Hali kadhalika damu kutoka, maji kuvunjika kabla ya uchungu, homa kali, na mtoto kuacha kucheza. Ikiwa amepata degedege, asisubiri maombi yamalizike. Aombewe njiani.

Twende kwenye kujifungua. Wazee wa mji huu wanakumbuka kwamba kuzaa hospitalini kulikuwa jambo la kawaida Kolwezi zamani kuliko sehemu nyingi za Kongo. Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, katika miaka ya 1920 ilibadili siasa yake: ikaacha kutegemea wanaume waliokuja kwa mkataba mfupi, ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Ikajenga materniti, ikapima watoto wachanga, ikagawa chakula. Haikuwa huruma. Ilihitaji mikono ya kesho, ikaona mikono hiyo inazaliwa kambini, na mama wa kambini alipangiwa mambo mengi bila kuulizwa. Kampuni ilipotaifishwa mwanzoni mwa 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, hospitali ziliendelea, na mke wa mfanyakazi alizaa bila kuuliza bei. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi kama 10,000 wakaachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Pamoja na mshahara ilikwenda materniti. Siyatamani makambi yale yarudi na ukoloni wake. Nasema tu kwamba mji huu umewahi kuonyesha kwamba madini yanaweza kulipia uzazi salama. Shaba haijapungua tangu siku hizo, na kobalti bei yake imejulikana dunia nzima.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa zilizotolewa mwaka 2025, Kongo yetu ni moja ya nchi 4 ambazo peke yake zinabeba karibu nusu ya vifo vyote vya uzazi duniani, pamoja na Nigeria, India na Pakistani. Hapa kwetu hufa akina mama wapatao 19,000 kwa mwaka. Wengi huuawa na mambo yanayojulikana: kutokwa damu, presha, maambukizo, mimba iliyotolewa kwa njia za hatari, uchungu uliokwama.

Damu ndiyo inayokimbia kuliko yote. Mama mzima anaweza kwisha ndani ya saa mbili. Jambo la kutia moyo limetoka karibu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, wakunga walitumia karatasi ya nailoni yenye mfuko uliotiwa alama, inayowekwa chini ya mama mara tu mtoto anapotoka. Damu inaingia mfukoni, mkunga anaona kiasi, hakadirii kwa macho. Ikivuka alama, hapohapo anafanya mambo yote kwa pamoja: kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu ya maji, na kuchunguza damu inatoka wapi. Kutokwa damu kwa hali mbaya, upasuaji wa kuikomesha, na vifo vyake, vyote kwa jumla vilipungua kwa asilimia 60. Hakuna mashine hapo inayohitaji mhandisi kutoka Ulaya. Ni plastiki, dawa, na mkunga aliyefundishwa.

Ila oksitosini inataka baridi, nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kabatini katika joto letu, nguvu yake hupungua, na mkunga huchoma sindano akidhani ametibu. Jimbo linalozalisha umeme wa mabwawa ya Nzilo na Nseke kwa ajili ya viwanda halipaswi kuwa na materniti ambayo friji yake imezimika. Na kuna matumizi mengine ya dawa hiyohiyo yanayoua: kuchomwa sindano ya kuharakisha uchungu katika vizahanati vya mtaani, kabla mtoto hajatoka, bila mtu wa kupima. Mizizi ya kuongeza uchungu ina hatari sawa na hiyo. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Bibi zetu walikuwa na subira, nao wangetushangaa.

Sasa pesa, maana mara nyingi ndizo zinazomchelewesha mama nyumbani. Utafiti uliofanyika mwaka 2016 katika hospitali moja kubwa ya Lubumbashi ulikuta kwamba karibu nusu ya akina mama waliokwisha kuruhusiwa baada ya kujifungua walizuiliwa wodini kwa sababu ya deni, wao na vichanga vyao. Habari kama hizo zikizunguka mtaani, mwanamke mwenye uchungu hukaa nyumbani kwa kuogopa kufungwa. Anayezuia mzazi kwa deni hapati pesa zake haraka zaidi; anawafukuza wengine watano wasije. Jambo hilo likomeshwe.

Septemba 2023 serikali ilizindua jijini Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, na majimbo yakaanza kuingizwa hatua kwa hatua. Usingoje uchungu ndipo uulize. Mwezi wa sita wa mimba, baba aende mwenyewe kwenye kituo aulize: hapa kujifungua ni bure au ni kiasi gani? Kupasuliwa je? Damu ikihitajika inapatikana hapa, au tutapelekwa hospitali ya Mwangeji? Usiku nani anatupeleka? Aandike namba ya mwenye gari, si ya pikipiki tu, kwa sababu mama anayetoka damu hawezi kukaa juu ya pikipiki. Kikundi cha likelemba, yaani cha kuchangiana pesa kwa zamu, kikubaliane tangu mapema kwamba zamu ya mwenye mimba ije mwezi wa tisa. Ndugu wawili wajue kundi lao la damu. Kwa ninyi wa mbali, wa Mutshatsha, Dilolo, Sandoa na Kapanga, ambao mvua ikikata barabara hakuna anayetoka, mama aliyewahi kupasuliwa au mwenye mapacha asogee mjini kwa jamaa wiki chache kabla ya siku zake.

Baada ya kuzaa watu hupumua, husherehekea mtoto, na mama husahauliwa. Hapo ndipo tunapopoteza wengi. Saa 24 za kwanza abaki kituoni hata kama anajisikia vizuri, na aonwe tena siku ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akishazaliwa, kwa hiyo kichwa kikali baada ya kujifungua si uchovu tu. Damu inayoloanisha kitambaa ndani ya saa moja, homa, uchafu unaonuka, mguu mmoja kuvimba na kuuma, titi jekundu lenye joto: hospitali.

Siku arobaini za wazee wetu zina hekima ndani yake, na ningependa tuzirudishe kikamilifu, siyo tu kwa kumfungia mama ndani. Arobaini ya kweli ilikuwa mtu mwingine kuchota maji, mwingine kupika, mwingine kumshika mtoto ili mama alale. Siku hizi nawaona akina mama wamerudi kuosha mawe mtoni na mtoto wa wiki mbili mgongoni, mikono yote majini. Kanuni za uchimbaji mdogo zinawakataza wajawazito kufanya kazi machimboni, lakini hazisemi mama huyo atakula nini. Shemeji, wifi, majirani, sehemu hiyo ni yenu. Kwa mwenye ajira ya mkataba, sheria ya kazi ya nchi yetu inampa wiki 14 za likizo ya uzazi na theluthi mbili za mshahara. Meneja akikwambia haijui, mwonyeshe.

Mtoto anyonye saa ya kwanza, na maziwa yale ya manjano ya mwanzo yasimwagwe. Miezi 6 maziwa ya mama peke yake, bila maji. Wengine wananiuliza kama maziwa ya mama wa Kolwezi yana sumu ya madini. Maziwa ya mama yabaki chaguo la kwanza; maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji ya mto machafu humpa mtoto madini mengi zaidi, na kuhara juu yake. Kitovu kipakwe klorheksidini mliyopewa kituoni, si majivu wala mafuta ya gari. Na mama akilia siku nyingi, akikosa usingizi hata mtoto akilala, akisema hamtaki mtoto, msimwambie ajikaze. Huo ni ugonjwa wa baada ya kuzaa, una matibabu, na huanza kwa mtu wa kukaa naye na kumsikiliza. Mimba nyingine ingoje angalau miaka 2, na hilo mzungumze wawili kabla ya wiki ya sita, siyo baada ya hedhi kukosa kuja.

Namalizia kwa wenye migodi na kwa jamii zinazopakana nao. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zilizoizunguka, na ahadi zake ziandikwe katika cahier des charges, baada ya kuzungumza na wenyeji. Nimeona orodha za ahadi hizo zikijaa ofisi, viwanja na nyumba za machifu. Akina mama wa Kapata, Luilu, Musonoi na Fungurume, mkutano huo ukiitishwa mtaani kwenu, nendeni, tena nendeni wengi. Dai la kwanza liwe maji safi ya bomba yaliyopimwa madini. La pili liwe materniti yenye friji inayowaka, benki ya damu, na gari la wagonjwa lenye mafuta. Dai la tatu liwe bafu na mahali pa kufulia katika kila mgodi na kila soko la madini, ili pasiwe na baba atakayerudi nyumbani amevaa vumbi la kazi. Mkiambiwa hakuna fedha, ombeni hesabu ya mauzo ya mwaka uliopita isomwe mbele yenu.